Somo la 17: Mwanafunzi, Sala na Gitaa Lake

 

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya sala ya jioni katika jamaa. Leo twamfuata mtoto aliyekwisha kuondoka katika jamaa, tena aliyekwisha kuwa mtu mzima, ila bado anasoma. Ametuandikia barua ya kurasa nne. Hatutataja jina lake wala mtaa wake. Yatosha kusema kwamba alizaliwa Kamina, kwamba anasoma Lubumbashi, na kwamba amekwisha kupata shahada ya kwanza, na sasa yumo katika masomo ya shahada ya pili, akichunguza mawe na madini. Anatuita «Baba Walimu», na swali lake ni hili: Je, mtu anayepiga gitaa katika baa usiku wa Jumamosi aweza kuimba katika kwaya asubuhi ya Jumapili?

Wengi wenu mmekwisha kujibu kabla hatujamaliza kulisoma swali. Sisi nasi tulilijibu upesi siku moja, miaka mingi iliyopita, tena tulilijibu vibaya. Jambo hilo tutalieleza mbele. Kwanza tusikilize jinsi anavyoishi.

Anakaa na wenzake watatu katika chumba kimoja. Huamka saa kumi na moja ya alfajiri, kwa sababu maji ya bomba hutoka wakati huo, na anayechelewa hukuta bidoni za watu zimepangwa mpaka barabarani. Hula mara moja kwa siku, jioni: bukari na sombe, na samaki wadogo wakavu siku ambazo pesa zipo. Makala hununua kwa zamu, kila mtu juma lake. Asubuhi huenda kwa miguu, kwa kuwa nauli ya taksi ya kwenda na kurudi ingemla chakula chake cha jioni. Mchana yumo katika maktaba, au katika chumba cha kupimia mawe. Usiku, umeme ukiwapo, huandika tasnifu yake. Umeme usipokuwapo, huketi mlangoni na kupiga gitaa gizani, kwa maana, anasema, gitaa halihitaji taa.

Kule Kamina wadogo zake wanne wangojea amalize ili naye awalipie shule. Mama yake huuza mihogo sokoni. Watu wa nyumbani hudhani kwamba msomi wa miaka mingi hivyo lazima awe amekwisha kuwa tajiri, na kila wampigiapo simu humwomba kitu. Yeye huona haya kuwaambia kwamba mwaka jana malipo ya masomo yalimshinda. Ndipo rafiki yake mmoja alipompeleka kwa kundi la wanamuziki waliokuwa wakitafuta mtu wa gitaa la pili. Kwa usiku mmoja wa Jumamosi hupata chakula cha juma zima, na akiba kidogo ya kulipia masomo. Hanywi pombe. Humaliza saa tisa ya usiku, hurudi, hulala saa mbili, kisha huenda Misa ya kwanza. Mara nyingine, anakiri, husinzia katika mahubiri.

Wapendwa, tusicheke. Wako wanaosinzia katika mahubiri nao walilala usiku kucha.

Hata hivyo, tulipoisoma barua mara ya pili, tuliona kwamba swali la baa ni mlango tu. Nyumba yenyewe imo katika ukurasa wa tatu. Hapo aeleza kwamba sala yake imekauka. Asema hajaacha kusadiki. Wengine hudhani kwamba elimu ya mawe ndiyo iliyomharibu, kwa kuwa hufundisha kwamba mawe yenye shaba ya Katanga yalianza kama matope chini ya bahari ya kale, mamia ya milioni ya miaka iliyopita. Lakini jambo hilo halikumsumbua kamwe. Na sisi twamwunga mkono, maana Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu wote unazidi kutanuka, alikuwa padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain. Kinachomsumbua ni kingine. Akisali rozari, maneno hupita mdomoni kama majina katika orodha ya wanafunzi. Akisikiliza masomo ya Misa, hukuta amekwisha kuanza kuyahesabu mabati ya paa. Bali akishika gitaa usiku mlangoni, hata wimbo ukiwa wa mapenzi tu, au wa mtu anayelia kwa sababu ya safari, kitu hufunguka ndani yake, naye humkumbuka Mungu na kumshukuru, na mara nyingine hutokwa na machozi. Basi auliza kwa hofu: Je, huyo ni Mungu, au ni nyuzi tu?

Hofu hiyo si mpya. Ilimpata zamani mtu mkubwa kuliko sisi sote, naye alikuwa Mwafrika. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Alikwenda mbali na nyumbani kusoma, katika mji wa Karthago. Alipenda michezo ya kuigiza na sifa za watu. Mama yake Monika alilia sana kwa ajili yake. Baadaye alikuwa mwalimu katika mji wa Milano, akabatizwa huko mwaka 387 kwa mikono ya Askofu Ambrosi. Mwaka mmoja kabla ya ubatizo huo, Wakristu wa Milano walikuwa wamejifungia ndani ya kanisa, wakikataa kulitoa kwa watu wa malkia Yustina waliolitaka kwa nguvu. Ili watu wasizimie moyo kwa huzuni na uchovu, Ambrosi aliwafundisha kuimba tenzi na zaburi pamoja. Augustino mwenyewe aandika jambo hilo, naye asimulia jinsi alivyolia aliposikia nyimbo za kanisa katika siku za ubatizo wake.

Lakini katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alichokiandika alipokuwa amekwisha kuwa askofu, ajichunguza tena. Aona kwamba mara nyingine sauti humgusa kuliko neno linaloimbwa, na akiona hivyo hujihesabia kosa. Siku nyingine hufikiri ingefaa zaidi kuziondoa sauti tamu zote kanisani. Halafu hukumbuka machozi yake ya Milano. Mwishoni huona kwamba desturi ya kuimba yafaa ibaki, ili mwenye moyo dhaifu apande kwa njia ya masikio mpaka kwenye ibada. Wala hasemi kwamba mashaka yake yote yamekwisha. Twampenda kwa sababu hiyo.

Tumemjibu basi mwanafunzi wetu: wewe huko mbali na Augustino. Tofauti ni kwamba yeye aliogopa kwa sababu wimbo mtakatifu ulimpendeza mno, nawe waogopa kwa sababu wimbo usio mtakatifu wakupeleka kwa Mungu. Tukiri kwamba hofu yako si nzito kuliko yake. Moyo uliokauka haukutupwa. Mungu hupita penye ufa anaouona, na kwako ufa ni gitaa. Ila usikomee ufani. Machozi yakija, yape maneno: sema Baba Yetu mara moja, polepole, nyuzi zikiwa zimetulia. Mara moja tu yatosha kwa mwanzo.

Sasa turudi kwa wale waliojibu upesi. Wasema: gitaa ni chombo cha baa, haliwezi kuingia kanisani. Twawaomba wavumilie kidogo, kwa maana jambo hili lina historia, na historia hiyo imetupata sisi watu wa Kongo kuliko wengi.

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki wa kanisa. Alitaka kuondoa makanisani mtindo wa nyimbo za tamthilia uliokuwa umeenea Ulaya, hasa Italia, akasifu wimbo wa Kigregori kuliko mwingine wote. Katika maagizo hayo piano ilikatazwa kanisani, na pamoja nayo vyombo vya kelele: ngoma, matoazi na vinginevyo. Papa alikuwa akifikiri juu ya makanisa ya Ulaya. Lakini sheria ilivuka bahari, na huku kwetu neno «ngoma» si jina la chombo kimoja tu cha kelele. Kwetu ngoma yaita watu, yatangaza kifo, yampokea mtoto. Basi wazee wetu waliingia kanisani na kuiacha ngoma nje mlangoni, wakaimba Kilatini walichofundishwa. Waliimba vizuri, tusiwadharau. Baadhi yao wangali wakijua Credo yote kwa moyo.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwahimiza wamisionari waukuze upendo wa nyimbo za dini walio nao mataifa, ili wapate nyimbo za Kikristu kwa lugha na sauti walizozizoea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya kwanza, ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni wapaswa kupewa heshima na nafasi ifaayo, na kwamba vyombo vingine vyaweza kukubaliwa katika ibada vikifaa kwa matumizi matakatifu. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha kitabu cha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo. Ni Misa ile ambayo ndani yake twawaita wahenga wetu wenye mwenendo mwema pamoja na Watakatifu, na tunacheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu. Papa Fransisko aliiadhimisha kwa desturi hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na tena Kinshasa, katika uwanja wa Ndolo, tarehe 1 Februari 2023, mbele ya umati usiohesabika. Kutoka ngoma iliyokatazwa mwaka 1903 mpaka ngoma iliyopigwa mbele ya Papa ni miaka zaidi ya mia moja. Mtu aliyehukumu upesi katikati ya safari hiyo angekuwa amehukumu vibaya.

Lakini kuna hatua moja ambayo tumeiruka kwa makusudi, kwa sababu ni ya Kamina.

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Wengine walikuja na vitabu vya nyimbo; yeye aliwasikiliza kwanza watoto wakiimba nje ya darasa. Alikusanya kwaya ya wavulana wapata 45 na walimu wapata 15, akaiita Troubadours du Roi Baudouin. Pamoja nao alitengeneza Misa ambayo maneno yake yalibaki ya Kilatini, lakini sauti na midundo ilikuwa ya Wabaluba na ya watu wa Kasai. Misa hiyo yaitwa Missa Luba. Haikuandikwa kwanza katika noti. Waimbaji walijua wapi pa kuanzia na wapi pa kukutana, na katikati waliongeza yaliyowajia, kama vile wanavyoimba wazee msibani. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosanna yafuata mdundo wa mchezo wa Kasai. Wimbo wa kuagana na mdundo wa mchezo: hivyo ndivyo vilivyoinuliwa mpaka altareni. Iliimbwa katika Misa kwa mara ya kwanza Kamina mwezi wa Machi 1958. Mwaka uleule kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba katika maonyesho makubwa ya Brussels, na Misa ikarekodiwa katika sahani za santuri. Miaka kumi baadaye Sanctus yake ilisikika hata katika sinema ya Waingereza.

Mwanafunzi wetu alizaliwa Kamina, naye asema hakuwa ameisikia hata siku moja. Aliisikia mara ya kwanza katika simu ya mwenzake, katikati ya nyimbo nyingine za nchi za mbali, akadhani ni ya Wazungu. Neno hilo lilituuma. Si kosa lake. Sisi makatekista ndio tuliotakiwa kumpa.

Gitaa nalo lina heshima yake hapa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa watu, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, kijana mmoja akipiga gitaa njiani. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na mtu asiyemwona angesema magitaa ni mawili. Wimbo wake Masanga ulifika mbali, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani hujifunza namna ya vidole vyake. Tena mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya nchi zetu mbili, katika urithi wa wanadamu. Hatusemi kwamba UNESCO hufundisha dini. Twasema tu kwamba kijana apendaye muziki huu hapendi takataka.

Zaidi ya hayo, sebene iliyokuwa ya baa leo imo katika nyimbo za sifa za makanisa mengi, na wale wanaolilaumu gitaa la mwanafunzi huicheza bila kuuliza ilitoka wapi.

Basi, je, yote ni halali? La. Na hapa twamgeukia mwanafunzi wetu, tukimwambia neno ambalo huenda hakulitazamia.

Katika barua yake aeleza, kama jambo dogo, kwamba katikati ya usiku matajiri huinuka kuwatunza wanamuziki. Huwabandika noti za franka kwenye paji la uso, na mwimbaji hulitaja jina la aliyetoa, amsifu, aseme ni baba wa maskini, ni simba, ni mkombozi wa mtaa. Desturi hiyo twaijua sote. Yaitwa mabanga, na hata katika nyimbo zilizorekodiwa majina hayo husikika, mengine yamelipiwa kwa bei kubwa. Wakati huo kazi ya gitaa la pili ni kurudia mdundo uleule mpaka jina limalizike.

Mwana wetu, jambo hili latusumbua kuliko baa, kuliko saa tisa ya usiku, kuliko nyimbo za mapenzi. Wimbo wa mtu anayemlilia mchumba wake wasema kweli. Lakini kumwita mtu baba wa maskini kwa sababu ya noti kumi, nawe wajua kwamba aliwafukuza wapangaji wake juzi, ni kusema uongo kwa sauti tamu. Amri ya nane haiishi mahali muziki unapoanza. Utasema: «Mimi siimbi, napiga tu.» Ni kweli, na kosa lako ni dogo kuliko la anayeimba. Hata hivyo vidole vyako ndivyo vinavyoushikilia uongo huo usianguke. Twajua kwamba fedha hiyo ndiyo iliyo nyingi, na kwamba bila hiyo malipo ya usiku hupungua karibu nusu. Hatuna fedha ya kukupa badala yake. Twakuomba uzungumze na mkubwa wa kundi: gawio lako la mabanga waligawane wenzako, nawe ubaki na malipo ya kupiga. Tukikuamuru uache yote kesho, utaacha masomo, na wale wadogo wanne wa Kamina wataacha nao. Mzigo huo hatuutaki juu ya vichwa vyetu kwa sababu ya usafi tusioulipia sisi.

Sasa lile kosa letu. Zamani, katika parokia moja, kijana wa kwaya alionekana akipiga gitaa mahali pa pombe. Tulifuta jina lake katika daftari siku hiyohiyo. Hatukumwita, hatukumwuliza alikuwa akipata kiasi gani, wala kwa ajili ya nani. Baadaye tulijua kwamba baba yake alikuwa amelala hospitalini miezi miwili. Kijana alivuka barabara akaenda kwenye kanisa jingine, na mpaka leo hajarudi. Twakutana naye sokoni. Hutusalimu kwa heshima kubwa, hutuuliza habari za watoto wetu, kisha huenda zake. Tumemwomba radhi, alitabasamu, akasema yamekwisha. Lakini Jumapili twamsikia kule ng'ambo, maana madirisha yao yako wazi, na hakuna katika kwaya yetu apigaye kama yeye.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: ndiyo, aje kuimba. Tena asije mikono mitupu, aje na gitaa. Padri mkuu wa parokia ameisoma barua hii nasi, naye amekubali, kwa sharti moja tu, kwamba usiku wa kuamkia sikukuu kubwa, yaani Pasaka, Pentekoste, Kupalizwa kwa Bikira Maria na Noeli, asiwe kazini bali awe pamoja nasi. Mwanafunzi ameandika kwamba amekubali, ingawa usiku wa Noeli ndio wenye malipo makubwa kuliko yote ya mwaka.

Kwaya inataka kujaribu Sanctus ya Kamina kabla ya Majilio. Hatuna noti zake, tunayo sauti iliyorekodiwa tu, na mwanafunzi atatusaidia kuzitenganisha sauti za juu na za chini. Mazoezi ni kila Jumatano saa kumi na moja ya jioni, katika darasa la pili, si kanisani, kwa kuwa kanisani wanapaka rangi. Ngoma mbili zipo. Ile kubwa ngozi yake imelegea, itafaa iwekwe juani tangu mchana. Mwenye ngoma ya tatu na ailete.